Posa za Bata Mzinga Mitaani Brookline

Idara ya wanyamapori ya jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, huwashauri wakazi, kwa maandishi na bila mzaha wowote, kwamba bata mzinga mwitu anayewatisha wapita njia asiogopwe, bali afukuzwe kwa makelele, kwa ufagio au kwa maji ya mpira wa bustani, kwa kuwa ndege huyo huishi kwa kupangana vyeo na huweza kumhesabu binadamu kuwa mdogo wake. Ushauri huo huwa na uzito zaidi majira ya kuchipua, yaani kati ya Machi na Mei, ambapo madume ya Brookline, mji unaopakana na Boston, huposa katikati ya barabara huku magari yakisubiri, na mwandishi wa waraka huu, aliyesindikizwa kutoka Ngamiani, Tanga, kwa dua na maandazi ili akatafute shahada ya uzamili, husubiri basi kwa idhini ya kuku mkubwa.

Dume akimwona jike hutanua mkia ukawa duara, huburuta mbawa hadi zikakwaruza lami, na hutoa mvumo mzito wa kifuani ambao husikika na aliye karibu tu. Kichwa chake, ambacho hakina manyoya, hugeuka rangi kikawa chekundu, cheupe na cha buluu, na kile kinyama kilicho juu ya mdomo, ambacho wakati wa utulivu ni kijipembe tu, hurefuka kikaning'inia kupita ncha ya mdomo. Mtafiti Richard Buchholz, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1995, alionyesha kwamba majike hupendelea madume yenye kinyama kirefu. Jike mwenyewe huendelea kudonoa nyasi kana kwamba hakuna lililotokea. Akiridhika hujilaza mbele ya dume, na baada ya hapo hutaga, huatamia kwa takriban siku 28 na kulea vifaranga peke yake, kwa maana baba huwa amekwisha kuhamia posa nyingine.

Linalostaajabisha zaidi ni ndugu wa dume. Mara nyingi madume wawili au zaidi waliozaliwa pamoja hutembea bega kwa bega, hutanua mikia pamoja na kuwafukuza wapinzani pamoja, ilhali anayepanda majike ni mkubwa wao peke yake. Alan Krakauer, aliyechunguza ndege hao huko California na kuchapisha matokeo mwaka 2005, alibaini kwamba wasaidizi hawakupata kifaranga hata mmoja, na faida yao ilikuwa kwamba damu ya ukoo iliendelea kupitia kwa kaka. Afadhali mshenga wa Tanga, kwani hata posa ikikataliwa, huwa amekwisha kunywa chai.

Ndege hawa nao ni wa kuja. Walitoweka Massachusetts katikati ya karne ya 19, na waliopo leo ni uzao wa 37 walioletwa kutoka jimbo la New York mwaka 1972 na 1973, ambao sasa wamezidi 25,000 na hulala juu ya miti bila kudaiwa kodi. Alfajiri dume hulia mtini, na hapo mwandishi, ambaye mtaa wake hauna adhana wala jogoo, huamka na kukokotoa kwamba nyumbani ni mchana, mama yuko jikoni, na simu haitapokelewa.

Sheria ya jimbo ya kuwawinda ndege hawa inahitaji subira. Majira ya kuchipua huruhusiwa kuwindwa ndege mwenye ndevu tu, yaani shada la manyoya membamba na magumu linaloota kifuani, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi saa sita mchana; na kwa kuwa majike wachache nao huota ndevu, jike wa namna hiyo huwindwa kihalali. Anayeingia msituni hushauriwa asivae nyekundu, nyeupe wala buluu, ambazo ni rangi za kichwa cha dume, ushauri wa ajabu katika nchi yenye bendera ya rangi hizohizo. Kwa hiyo mjomba wa mwandishi, aliyetuma jezi nyekundu ya timu ya Simba, anaombwa kwa heshima zote kwamba mzigo ujao uwe na nguo ya kijani, mradi isiwe ya Yanga, mahasimu wa Simba, kwani kati ya risasi na aibu hiyo familia itaelewa lipi lichaguliwe.