Ukitaka Baiskeli ya Gia Moja, Usianze na Meno

Baiskeli ya mtumba yenye gia 21 hushuka Mombasa ikiwa nzima. Ikifika Laini Saba, Kibera, hukutana na tope la Aprili na nyuzi za magunia, na msimu haujaisha kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kimeshaingia kwenye spoki. Hapo mwenyewe anaapa: gia moja, basi. Kiapo hicho nakiunga mkono kwa moyo wote. Baiskeli za Black Mamba zimebeba maziwa, mkate na wagonjwa wa nchi hii miaka na miaka bila gia ya pili.

Tatizo ni kwamba kutoka kwenye kiapo watu hukimbilia dukani kuuliza meno ya nyuma, wakapewa yanayometa kuliko yote. Ndugu yangu, ukitaka kinachometa nunua kioo. Wewe geuza baiskeli miguu juu, toa gurudumu la nyuma, utazame habu, yaani kitovu chake.

Zungusha meno kinyumenyume huku ukikodolea macho mahali spana maalumu inapoingia, karibu na ekseli. Pakizunguka pamoja na meno, una kaseti. Pakitulia, una friwili ya kufungwa kwa nyuzi. Yote utakayonunua yanategemea jibu hilo, kwa hiyo usimruhusu mtu akujibie akiwa ameketi ng'ambo ya barabara.

Kaseti ni rahisi. Unabakiza sproketi moja, yaani duara moja la meno, pande zote mbili unajaza vipande vya kutenga vilivyotoka kwenye kaseti iliyokufa, au vipande vya bomba la plastiki vilivyokatwa sawasawa, kisha unakaza nati. Lakini usichukue sproketi yoyote ya kaseti hiyo kuukuu. Nyingi zina meno yaliyochongwa mafupi na ya mshazari makusudi, ili cheni iyaache upesi wakati wa kubadilisha gia. Tafuta yenye meno marefu yanayolingana, na kitako kipana kisichokula chuma cha habu.

Ukiwa na friwili, nunua ya sproketi moja yenye nyuzi za kawaida: kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi. Itakaa ndani zaidi ya ulivyozoea. Hamisha washa za ekseli mpaka cheni inyooke na sproketi ya mbele, halafu fundi avute spoki upya rimu irudi katikati.

Hapa ndipo Kawangware utaambiwa, "Tupige welding tu, boss." Kataa, hata kama moto umeshawashwa. Friwili iliyochomelewa haiwezi tena kuteleza, miguu yako inazunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Ukizuia pedali ili upunguze mwendo, unasukuma nyuzi upande wa kufunguka, na friwili inaweza kujifungua yote ukiwa mbele ya matatu. Joto nalo linachoma grisi na kulegeza ugumu wa gololi. Hakuna bei ya chini inayofidia hayo.

Unene sasa. Cheni ya baiskeli ya gia ina upana wa ndani wa milimita 2.4 hivi, ya Black Mamba milimita 3.2. Cheni pana itapanda jino jembamba. Cheni nyembamba haitaingia kwenye jino nene hata ukiipigia nyundo. Kwa hiyo nenda dukani na cheni mkononi.

Idadi ya meno ichague kwa mlima wako na mzigo wako, wala si kwa sifa za vijana wa stejini. Gurudumu la inchi 26 likiwa na meno 32 mbele na 16 nyuma husogea mita 4 na kidogo kila pedali ikizunguka mara moja. Nyuma ukiweka 20, mita 3.3. Anayekwenda kazini mikono mitupu juu ya lami ya Naivasha Road, 16 inamtosha. Anayepandisha mitungi mitatu ya lita 20 kutoka upande wa mto kule Gatwekera hadi Kibera Drive ana kilo 60 za maji nyuma yake. Huyo achukue 20, na akipata 22 asione haya.

Mwisho tazama mfereji wa fremu unaoshika ekseli. Ulio mrefu kwa mlalo unakuruhusu kuvuta gurudumu nyuma mpaka cheni ibaki na ulegevu wa sentimita moja hivi. Uliosimama wima hauna nafasi hiyo, utahitaji kikaza cheni, na kimkono kile kitarudi kulekule kwenye tope. Bora utafute fremu nyingine.

Nanyi mafundi wa Kibera na Kawangware, nunueni spana ya friwili. Tindo na nyundo zinaua habu ambazo bado zilikuwa na miaka ya kazi. Nawe mwenye baiskeli, kabla hujamkabidhi fundi gurudumu, mwambie akuonyeshe hiyo spana.