Mwanafunzi wa Mwisho

Jirani, usinicheke. Hapa Gisenyi mtu aliyerudia P5, darasa la tano la msingi, akiwa na ndevu ni mimi peke yangu.

Corona ndiyo ilileta haya. Machi 2020 shule zikafungwa, mpaka na Goma ukafungwa. Mimi kazi yangu ni kubadilisha pesa pale mpakani, Petite Barrière, basi nikabaki sebuleni na watoto wawili, mmoja P5, mwingine P2. Mama watoto akanitazama. "Wewe si mtu wa hesabu? Wafundishe." Mtu wa hesabu! Nipe dola, nipe faranga za Kongo, nipe za Rwanda, jibu unalo kabla hujafungua pochi. Lakini robo tatu ukitoa theluthi mbili? Nani aliwahi kuja mpakani na theluthi mbili ya dola?

Halafu mimi nilisoma kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali ilipoamua shule ziwe za Kiingereza nilikuwa nimeshamaliza zamani, nikaona hayanihusu. Yakanihusu. Mkubwa akaleta hesabu: 756 gawanya kwa 6. Nikashika kalamu kwa madaha. Nikapiga mstari wima, 6 nikaiweka kulia, jibu chini yake, vile tulivyofundishwa kwa fimbo. 126! Mtoto akaligeuza daftari, akaligeuza tena. "Papa, umeandika kinyume." Kumbe kwao 6 inakaa kushoto, jibu linapanda juu. Nikamwambia jibu si ni lile lile? Ni lile lile, akasema, lakini ticha ataweka kosa. Akachukua kifutio. Akanifuta, mama yake anaona.

Ikaja redio. Masomo yakawa yanatangazwa, watoto wakae wasikilize. Wangu walikaa kidogo tu, wakachomoka kwenda uani kupiga mpira wa majani ya migomba. Nikabaki mimi. Betri nimenunua kwa pesa yangu, nitaiacha redio iongee peke yake? Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza, ananyamaza kidogo ujibu. Nikajibu lililonijia mdomoni. "Veri gudi!" Jirani, tangu nioe sijasifiwa hivyo. Nikaongeza sauti, nikajibu kwa nguvu zaidi. Kugeuka, dirishani vichwa vya watoto wa mtaa wetu wa Mbugangari vimejaa, wanangu wamekaa mbele.

Mama watoto wala hakutaka redio. Anamwaga dagaa wa sambaza kwenye sinia, mdogo anapanga mafungu. Fungu 500, mteja kachukua matatu, katoa noti ya 2,000, mrudishie ngapi? Mtoto anajibu huku anamfukuza paka. Hakuna kilio, hakuna miayo. Nikajaribu somo hilohilo mimi, sambaza zilezile. Mtoto akasinzia. Hata paka akaondoka.

Kilichowachangamsha kweli ni walipofungua shule yao. Wao walimu, mwanafunzi mimi, kiti changu ndoo iliyopinduliwa. Mdogo kashika mpini wa ufagio. Nikisoma sentensi ya Kiingereza wanagaagaa chini kwa kicheko, halafu wanakimbilia kitabu kuhakikisha nimekosea wapi. Usiku nawasikia wananong'ona chumbani, wanatafuta neno gumu la kunikomesha nalo kesho. Watoto waliokuwa hawashiki kitabu bila kufokewa! Mimi nimelala, tumbo linaniuma kama mtu ambaye hajafanya homuweki. Na kweli sijafanya.

Mkubwa akarudi shuleni Novemba 2, mdogo akasubiri hadi Januari 2021. Nikapumua. Mei ya mwaka huo huo volkano ya Nyiragongo ikalipuka, watu wa Goma wakatujia kwa maelfu, ardhi ikawa inatetemeka, tukalala nje. Watu wanasali, wengine wanafunga mizigo. Mdogo kanikalia ubavuni na daftari: "Papa, tuliishia ukurasa gani?"

Tangu hapo kila likizo kubwa, mwezi wa saba ukifika, shule yao inafunguliwa. Ripoti yangu imebandikwa mlangoni. Nafasi: wa mwisho. Darasa lina mtu mmoja. Maoni ya mwalimu: anaongea sana. Wageni wanaisoma kwanza ndipo wanisalimie.

Sasa jirani, mwanao si yuko P5? Nipitishie daftari lake la hesabu hapo chini ya kaunta, lile lenye majibu. Nitalirudisha kesho asubuhi kabla hajaamka.