Mamajusi Kutoka Moshi

Mchaga akionekana Dar es Salaam tarehe 24 Desemba, watu humuuliza kama anaumwa. Ni utani wa miaka mingi Tanzania: eti Wachaga hupanda Moshi kila Krismasi kwenda kuhesabiwa, na asiyeonekana mgombani jina lake linakatwa. Mabasi hujaa, nauli hupaa, foleni za Dar hupungua hadi wanaobaki wanamshukuru Mungu bila kuficha. Mume wangu hakuwahi kukosa hesabu hiyo tangu azaliwe. Kisha kazi ikatuhamishia Goma, Kongo, na Desemba ya 2019 ikaja na agizo kutoka ofisini kwake kwamba wenzake wote wanaondoka likizo, hivyo lazima mtu mmoja abaki zamu. Mtu mwenyewe ndiye yeye.

"Si mlima upo?" akasema, akinyoosha kidole dirishani. Hilo sikuweza kulipinga. Nyiragongo ulikuwa pale, mita 3,470, mfupi kwa Kibo lakini wenye hasira zaidi. Miaka ile kulikuwa na ziwa la lava linalochemka ndani ya kreta, na usiku usio na mawingu anga juu yake lilikuwa jekundu. Binti yetu wa mwisho alitaka kujua ni nani anayepika kule juu usiku kucha.

Niseme hapa kwamba Goma ya leo ina habari zake nyingine, tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, na anayetaka hizo atazipata kwa wanaozijua. Mimi nasimulia sikukuu. Waandishi wa kigeni wamefika Goma wakivaa makoti ya kuzuia risasi. Sisi tulifika na ndoo ya mchele wa Mbeya, na kilichotushinda nguvu ni kanisa.

Sisi ni Walutheri, watu wa kwenda na saa. Jirani yetu, mama mmoja wa ng'ambo ya ukuta ambaye alikuwa ameshaniita Mama Tanzania kabla sijamwambia jina langu, alituchukua kwenye usharika wake wa CBCA, jumuiya ya Kibaptisti yenye makao makuu yake mjini hapo hapo. Getini kulikuwa na ndoo ya maji ya klorini na kijana mwenye kipimajoto cha kulenga paji la uso, maana Ebola ilikuwa imefika Goma Julai ya mwaka ule. Ukishanawa na kulengwa, unaingia kwenye kwaya. Nasema kwenye kwaya kwa sababu mengine yote ya ibada yalifanyika katikati ya kwaya: ya akina mama, ya vijana, ya watoto, ya akina baba, na moja ambayo hadi tunahama sikujua ni ya kina nani ila ndiyo iliyokuwa na magitaa mengi. Saa nilizozoea kuwa nimeshaepua wali, pale ndiyo kwanza mhubiri anakohoa.

Tulikusudia kukaa nyuma. Goma hakuna nyuma kwa mgeni. Tulisimamishwa, tukapigiwa makofi, tukaulizwa tunatoka wapi, na mume wangu akatoa salamu ndefu kuliko alizotoa siku ya harusi yetu. Ukaja mnada wa matoleo. Kwetu KKKT nao upo, kwa hiyo nilijua la kufanya: unanyamaza na kuitazama Biblia. Jogoo mmoja mwekundu akapanda bei, akapanda, mzee wa kanisa akamnunua, kisha akatangaza kwamba amewanunulia wageni. Vigelegele. Mume wangu akakabidhiwa jogoo hai mwenye miguu iliyofungwa kwa kamba ya mgomba, akakaa naye mapajani, suti ya bluu, kwaya mbili bado hazijaimba. Pasta alipofika mahali pa kushusha sauti, jogoo akaipandisha. Akawika mara moja, akasubiri, akawika tena kanisa lilipoanza kucheka. Njiani kurudi nyumbani binti yetu alishampa jina: Pasta, kwa sababu na yeye alihubiri. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kutaja supu.

Wiki iliyofuata mwalimu wa shule ya Jumapili alikuja kumwomba kijana wetu, mwenye miaka kumi na moja, aigize kwenye mchezo wa Noeli. Nilidhani watampa uchungaji wa kondoo, kazi ya kusimama tu.

"Hapana, Mama. Mamajusi batatu balitoka mashariki. Nyinyi mumetoka mashariki. Njo ivi."

Ukiitazama ramani, hoja haina jibu.

Mchezo ulifanyika tarehe 24 mapema jioni, kwa kuwa Goma watu hupenda giza liwakute nyumbani kwao. Mwanangu alivaa shuka la Kimasai la baba yake na taji lililokatwa kutoka kopo la mafuta ya kula ya msaada, bati ambalo katika mji ule huzaliwa upya kuwa taa, kikaango au paa. Herufi za USA zilisomeka vizuri kabisa juu ya nyusi zake. Na ngamia? Ngamia hawakupatikana, ila palikuwa na chukudu.

Asiyeijua chukudu aielewe hivi: ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio wala kiti, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, mahali pa kuweka goti, na usukani mpana wa pembe. Inabeba magunia ya viazi, mkaa, kabichi na mbao kushuka kutoka vilimani, na kijana anayeiongoza hutumia mguu mmoja kusukuma na kandambili kama breki. Goma wanaiheshimu kiasi cha kuijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Basi mamajusi watatu waliingia kanisani juu ya chukudu moja, dhahabu, uvumba na manemane vimefungwa nyuma kwa mpira wa tairi, na kwenye kona ya madhabahu dereva alikosa breki. Manemane yalibingirika hadi chini ya kiti cha shemasi. Yalikuwa kopo la maziwa ya unga.

Wakainuka, wakajipangusa, wakafika kwa Herode. Huyu alikuwa kijana wa sekondari mwenye masharubu ya masizi na kiti cha plastiki, na alikuwa ameupenda ufalme kuliko alivyoagizwa.

"Mumetoka wapi?"

Hapo mwanangu alipaswa kuitaja nyota. Wiki nzima aliitaja nyota bafuni, mezani na kitandani. Akamtazama Herode, akautazama umati, akajibu ukweli wake wote:

"Moshi."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa akina mama. Herode angeweza kumwokoa. Badala yake akaegemea kiti, akakunja nne.

"Moshi. Na mulipita wapi, Grande Barrière ao Petite?"

Mipaka miwili hiyo ya kuingilia kutoka Gisenyi, Rwanda, kila mtu wa Goma anaijua kwa miguu yake: kubwa kwa wenye magari, ndogo kwa maelfu wanaovuka kila siku na nyanya, mayai na unga kichwani. Mwanangu, ambaye amelelewa kumjibu mkubwa anapoulizwa, alijibu.

"Kubwa."

"Mulinawa mikono?"

"Ndiyo."

"Na homa balipima?"

"Thelathini na sita na nusu."

Sijui mtoto Yesu alizaliwa saa ngapi jioni ile, kwa sababu kuanzia hapo hakuna kilichosikika. Mzee aliyetununulia jogoo alikuwa anajifuta machozi kwa tai. Mariamu mwenyewe alicheka hadi mwanasesere akamponyoka.

Tarehe 25 ilikuwa siku ya mume wangu. Kama hawezi kwenda Moshi kula ndafu, ndafu itakuja Goma. Ndafu, kwa asiyejua, ni mbuzi mzima aliyechomwa polepole, anayeletwa mbele ya wageni amesimama kwa adabu na majani mdomoni, na hukatwa kama keki baada ya hotuba. Hotuba ilikuwa tayari, imeandikwa kurasa mbili.

Mbuzi mwenyewe alipatikana kwa shida ya noti. Muuza mbuzi aliipokea dola hamsini yetu, akaiinua juani, akaigeuza, akaipitisha ukucha pembeni, akagundua mchaniko ambao sisimizi angehitaji miwani kuuona. Akairudisha. Kongo dola huvaliwa kama nguo ya kitchen party: ikiwa na kasoro hata moja, bora ubaki nyumbani. Tukarudi na noti nyingine iliyonyooka, akaikubali, kisha akatupa chenji ya faranga za Kongo zilizochakaa, moja imeunganishwa kwa selotepu, nyingine kwa imani. Nilipoinua ile ya selotepu juani kama yeye, alinishangaa sana.

Sasa ndafu inahitaji nguzo mbili zilizosimikwa ardhini. Mume wangu na mlinzi wetu walianza kuchimba alfajiri. Mtaimbo ulipiga chini ukalia ngi! Wakahama hatua tatu. Ngi! Walizunguka ua wote, na kila mahali ua uliwajibu hivyo hivyo. Mama wa ng'ambo ya ukuta akapandisha kichwa.

"Baba, hapo hamutachimba kitu. Hiyo ni volcan."

"Tunataka shimo dogo tu, mama."

"Hata dogo. Chini yenu kuko nyumba ya batu."

Akatueleza, mikono juu ya ukuta ambao nao ni wa mawe hayo hayo meusi. Januari 17, 2002, lava ilishuka kutoka Nyiragongo ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikalibomoa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, ikaenda kuzama Ziwa Kivu. Watu wakakimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache wengi wakarudi juu ya mawe ambayo bado yana joto, wakaanza kujenga. Jiko la familia iliyoishi pale kabla lilikuwa, kwa makadirio yake, chini kidogo ya mahali mume wangu aliposimama. Mume wangu akasogea pembeni kwa heshima.

Mbuzi akalazwa juu ya matofali. Moto wa mkaratusi ulimuunguza upande mmoja ukamwacha mbichi wa pili, na tukiwa tunabishana namna ya kumgeuza, geti likagongwa. Tulikuwa tumealika watu wanane. Kumbe asubuhi kanisani, sisi tukiwa tumeondoka mapema kuwahi moto, ilitangazwa kwamba wageni kutoka Tanzania wanachinja. Ikaja kwaya ya akina mama yote, sare na sare, na ile ya magitaa nyuma yake.

Nilitaka kulia. Halafu nikaona hawakuja mikono mitupu. Kulikuwa na sufuria za sombe, fufu imefungwa kwenye majani, maharage, sambaza wa kukaanga waliotoka ziwani usiku ule, na jibini zima la Masisi la duara. Mama mmoja mnene alimtazama mbuzi wetu kwa huruma aliyostahili mgonjwa wa kuungua, akauliza, "Huyu banamukula muzima ivi?", akaomba panga. Mume wangu alipotoka ndani na kurasa zake mbili, ndafu ilikuwa mchuzi. Alisoma hotuba yote hata hivyo, mbele ya masufuria matatu, na walimshangilia kila alipovuta pumzi. Mbuzi alitosha, na akabaki. Hesabu yake sijaielewa mpaka leo.

Siku ya pili watoto waliuliza Boxing Day iko wapi. Kongo haipo, tarehe 26 watu walikwenda kazini, baba yao akiwemo, akinuka moshi. Nikawafariji kwamba Januari italipa: mashahidi wa uhuru tarehe 4, Laurent Kabila tarehe 16, Lumumba tarehe 17.

Kuhusu mkesha wa mwaka mpya nitasema machache, kwa kuwa mama mkwe bado yu hai na anasoma magazeti. Goma iko saa moja nyuma ya Moshi. Saa tano kamili usiku, kanisa limeinamisha vichwa kwa maombi ya kimya, simu ya mume wangu ikaita, akaishika kuizima, kidole kikagusa spika, na sauti ya bibi wa watoto ikapasua ukumbi kutoka Kilimanjaro: heri ya mwaka mpya! Nyuma yake kengele na vigelegele vya ukoo mzima. Safu yetu ikaitikia vigelegele. Mpiga ngoma, ambaye nadhani alikuwa amesinzia, akaingia kwa nguvu zake zote. Mwaka 2020 ulifika upande wetu wa kanisa saa nzima kabla ya upande wa pili, na kwa kuwa sasa tunajua ulichokuwa umebeba, nasikitika hatukuukataa ulipobisha.

Asubuhi yake ilikuwa Bonane. Watoto wa mtaa wote walipita nyumba kwa nyumba na nguo mpya, viatu vikilia kwenye changarawe nyeusi, wakidai pipi na biskuti. Saa nne tulikuwa tumeishiwa, tukaanza kugawa faranga, ile ya selotepu ikapata mwenyewe kwa furaha kubwa. Katikati ya msongamano huo akaingia pasta, suti nyeupe, pamoja na mkewe na wazee wawili. Tukawakaribisha sebuleni. Soda zikafunguliwa. Pasta akaanza kuibariki nyumba, tumefumba macho, kimya kizuri kimetanda, na binti yetu akatoka chumbani mbio.

"Mama! Pasta amekunya tena kwenye zulia!"

Hakuna aliyefumbua macho upesi. Mume wangu alisema "Amina" mahali ambapo hapakuwa na amina. Nilijaribu kueleza, lakini jogoo mwenyewe akaingia kwa mwendo wake wa kiongozi, akapanda mkono wa kochi, akamtazama mgeni wetu jicho kwa jicho. Mzee wa kanisa alimtambua, akaanza kutikisika mabega. Pasta akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akamwinamia binti yetu.

"Sasa, mutoto wangu, mutanichinja siku gani?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Pasaka."