Sifa za Faili Lisilofika

Pwani ya Waswahili haijawahi kuona haya kusifu. Kuna tungo za kale za kuusifu uta, nyingine za kuusifu mnazi, na hakuna harusi inayokosa mtu wa kummwagia sifa bwana harusi hata pale ambapo ukweli ungemtaka anyamaze. Lakini hadi leo hajasimama mtu kulisifu faili lililoganda kwenye asilimia 99. Hutukanwa tu. Simu hupigwapigwa kiganjani, mwenyewe husonya, na mtoto wa darasa la sita huitwa aache mpira aje kuitazama. Huo ni utovu wa shukrani, na umedumu mno.

Tazama yanayotokea Tanga asubuhi baada ya harusi, wageni wakijiandaa kurudi Dar es Salaam kwa basi la mchana. Video ya biharusi akiingia ukumbini imo kwenye kishikwambi cha shangazi, na kila mtu anaitaka. Kama kurushiana faili kungekuwa kazi ya sekunde mbili, kila mtu angechukua chake akaaga. Bahati njema si hivyo. Watu wanabaki, wanasogeleana, vichwa vinakaribia kugongana juu ya vioo viwili, na mabinamu wasiosemezana tangu mirathi ya babu wanalazimika kuulizana: “Umewasha?” “Nimewasha.” “Mbona sikuoni?” Yapo mabaraza ya usuluhishi ya ukoo yaliyoanza vibaya kuliko hapo.

Kutoonekana nako ni adabu. Simu nyingi za Android za siku hizi hujionyesha kwa simu ngeni pale tu ukurasa wa Bluetooth ukiwa wazi kwenye mipangilio. Mpokeaji akiuacha ukurasa huo kwenda kuchungulia WhatsApp, simu inajitanda buibui, haionekani tena, na yeye anaapa kwamba hajagusa kitu. Anayetafuta naye anakumbana na orodha: simu tatu zenye jina lile lile la kiwandani, maana wenyewe hawajawahi kulibadilisha, televisheni ya jirani, spika ya DJ, na simu moja iliyopewa jina la Usiniguse. Faili la shangazi linaweza kubisha hodi kwa spika, na spika haipokei video. Hapo ndipo ukumbi mzima hufahamu kwamba simu ina jina, na kwamba jina hilo linaweza kubadilishwa. Ni elimu ya bure ambayo hakuna aliyeijia harusini.

Kila msifiwa huulizwa ukoo wake, na huyu ukoo anao. Mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, mhandisi wa Kiholanzi aitwaye Jaap Haartsen alianza kutafuta namna ya kuviwezesha vifaa vidogo kuzungumza kwa redio hafifu badala ya waya. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba waliungana katika chama kimoja, na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, yaani Bluetooth, iliyokuwa imepewa mradi kwa muda tu, ikabaki moja kwa moja. Harald anakumbukwa kwa kuziunganisha Denmark na Norway. Iwapo kifaa kilichorithi lakabu yake kimeshindwa kuziunganisha iPhone na Samsung, hilo si la kumdai mfalme.

Ufundi wenyewe unastahili kasida. Bluetooth ya kurushia mafaili hupita kwenye masafa ya gigahezi 2.4, iliyoyagawa katika njia 79, na simu mbili zilizokubaliana huruka pamoja kutoka njia hii hadi ile, hata mara 1,600 kwa sekunde, ili kuzikwepa kelele. Kelele zipo za kutosha. Wi-Fi ya ukumbini imo humo humo, na jiko la maikrowevu hupasha biriani kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45. Mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, nao huyafyonza mawimbi hayo. Kwa hiyo faili likishaikwepa Wi-Fi na kulikwepa biriani, linamkuta mjomba mwenye mwili wake ameketi katikati ya simu mbili akila halua. Hakuna kitufe cha kumwondoa mjomba. Kinachotumika ni ulimi: “Mjomba, samahani, tunaomba usogee huku kidogo.” Mjomba akisogea na faili likaanza kwenda, kijana aliyemwomba hupata sifa ya uhandisi kwa mwaka mzima.

Kuhusu mwendo, wenye haraka waseme watakavyo. Bluetooth hiyo, mambo yakiwa mazuri kabisa, hupitisha kama megabiti mbili kwa sekunde, na video ya megabaiti 700 huchukua dakika zipatazo 45. Ni muda wa kutosha kula, kuulizana habari za wagonjwa na kupanga mchango wa harusi ijayo. Kabla yake kulikuwa na simu za infraredi, zilizotaka kuelekezana uso kwa uso bila kitu kukatiza kati; aliyepitisha mkono tu alikuwa ameharibu. Ikilinganishwa na hiyo, Bluetooth ni mvumilivu.

Waliochoka kusubiri walihamia Xender, SHAREit na wenzao. Hizi huifanya simu moja iwe kituo cha Wi-Fi, nyingine ikajiunga, na faili likapita upesi bila kugusa bando la mtu. Kwa masikitiko, ni njia nzuri. Lakini hata humo fadhila za kushindwa hazikosekani, na ya kwanza ni mdahalo wa lokesheni.

“Shangazi, shikamoo. Washa lokesheni.”

“Marahaba, mwanangu. Niko hapa mbele yako, simu inataka kujua niko wapi?”

Swali la shangazi ni zito, na jibu lake linawapita vijana wengi. Mwaka 2015, Android 6 iliweka sharti kwamba programu inayotaka kutafuta vifaa vya Bluetooth au mitambo ya Wi-Fi iliyo jirani iwe kwanza na ruhusa ya kujua mahali simu ilipo. Sababu ni ya haki: anayejua ni mitambo gani ya Wi-Fi iliyo karibu nawe anaweza kukisia uko mtaa gani, hata kama GPS imezimwa. Sharti lililowekwa ili mtu asipelelezwe kimyakimya likaishia kumfanya shangazi wa Tanga ashuku kuwa mpwa wake anampeleleza. Android 12, iliyotoka mwaka 2021, ikaitenganisha ruhusa ya Bluetooth na ile ya lokesheni, lakini simu za zamani bado zimejaa mikononi mwa watu, na mdahalo unaendelea.

Fadhila ya pili ni ya kimaadili kabisa. Simu ya mpokeaji ikishajiunga na kile kituo cha Wi-Fi, inagundua kwamba hakina intaneti. Kwa kumwonea huruma mwenye nayo, inaweza kuamua yenyewe kukiacha na kurudi kwenye data ya laini, na faili linakatika katikati ya safari kwa nia njema tupu. Mtumaji anamlaumu mpokeaji, mpokeaji anamlaumu mtumaji, na simu imekaa kimya. Dawa yake ni kuzima data kwa muda, au kukubali pale simu inapouliza kama mtu anataka kubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti. Kuna pia VPN iliyosahaulika ikiwa imewashwa, na hali ya kuokoa chaji inayoilaza programu mara kioo kinapozima. Mafundi wa Kariakoo huyajua yote haya, ila huanza na kuizima simu na kuiwasha upya, kwa sababu inafanya kazi mara nyingi mno kiasi cha kutia aibu.

Kisha lipo suala la haki, na hapa faili lisilofika linang'ara kuliko mahakama nyingi. Kwa miaka mingi kiswaswadu chenye Bluetooth, kile cha vitufe na tochi, kimepokea wimbo wa taarabu kutoka simu yoyote bila maswali. iPhone ya bei ya pikipiki haikuweza, na haiwezi hadi leo: Bluetooth yake huunganisha spika, saa na vifaa vya masikioni, lakini haipokei faili la wimbo au picha kutoka simu ya jirani. Apple walijitengenezea njia yao, AirDrop, iliyoanza kwenye kompyuta zao mwaka 2011 na kuingia kwenye iPhone mwaka 2013. Humo faili hupaa, ila kwa miaka mingi ilikuwa kwa jamaa wa nyumba moja tu. Nao hawakukosa mitihani yao. Aliyewasha hotspoti ya iPhone yake huambiwa aizime kwanza. Aliyechagua kupokea kutoka kwa watu anaowafahamu tu hawezi kuonekana na shemeji ambaye namba yake hajaihifadhi, na kuna ndoa ambazo zimewahi kuulizwa kwa nini.

Lakini sifa kuu ya kushindwa ni ulinzi. Juni 2004 kiligunduliwa kirusi cha simu kilichoitwa Cabir, kilichoruka kwa Bluetooth kutoka simu moja ya Symbian hadi nyingine, hasa zile za Nokia zilizokuwa fahari ya wakati ule. Hakikuvunja mlango. Kilimwomba mwenye simu akubali kulipokea faili. Akikataa kilimwomba tena, na tena, maadamu yuko karibu, mpaka aondoke au achoke akubali. Agosti 2005, wakati wa mashindano ya dunia ya riadha mjini Helsinki, kilienea miongoni mwa watazamaji waliobanana uwanjani. Kwa kirusi cha umbali wa mita kumi, umati ule ulikuwa sikukuu. Aliyesalimika jioni ile ni yule ambaye Bluetooth yake ilikuwa imezimwa, au imegoma, au haionekani kwa mtu. Yaani yule ambaye jana yake alikuwa akiitukana.

Apple wenyewe walikuja kuwa waumini wa fadhila hii, ingawa kwa sababu zenye utata. Novemba 2022 waliziwekea simu za China Bara kikomo: anayechagua kupokea faili la AirDrop kutoka kwa kila mtu atabaki hivyo kwa dakika 10 tu, kisha simu inajifunga. Ilikuwa wiki chache baada ya kuripotiwa kwamba watu nchini humo walitumia AirDrop kusambaziana maandishi ya kuipinga serikali. Mwezi uliofuata kikomo hicho kilipelekwa duniani kote, na tangu hapo mtu anaweza kuonekana na rafiki yake, akaenda kunywa maji, akarudi akiwa hayupo tena.

Hata faili linalofika lina heshima ya kushindwa kwa namna yake. Filamu ya gigabaiti tano hukataliwa na memori kadi iliyopangwa kwa FAT32, kwa kuwa mpango huo hauruhusu faili moja kufika gigabaiti nne, na mtu hufuta picha zake zote za Krismasi akidhani nafasi imejaa. Picha ya iPhone hufika ikiwa ya HEIC, aina ambayo simu hizo zilianza kuitumia mwaka 2017, na kwenye kishikwambi cha zamani hugoma kufunguka. Imefika, jina lake linasomeka, ukubwa wake unajulikana, haionekani tu. Mtumaji anasema ametimiza wajibu wake, na kisheria yuko sahihi.

Wapo wanaoukwepa utukufu wote huu kwa kutuma kwa WhatsApp. Mtumaji na mpokeaji wamekaa kochi moja, lakini video inapanda hadi kwenye mitambo iliyo mbali na kushuka tena, ikila bando la huyu wakati wa kwenda na la yule wakati wa kurudi. Njiani inabanwa mpaka hina ya biharusi inaonekana kama doa. Haikushindwa hata mara moja, na ndiyo maana hakuna aliyeikagua kabla ya kufuta ile ya asili.

Sasa kuna tishio, na haifai kulificha. Google walianzisha huduma yao ya kurushiana mwaka 2020, na Januari 2024 wakaiunganisha na ile ya Samsung chini ya jina moja, Quick Share. Novemba 2025 wakatangaza kwamba Quick Share itazungumza na AirDrop yenyewe, Android na iPhone, uso kwa uso, bila mtu wa kati. Wapenzi wa faili lisilofika waliipokea habari hiyo kwa majonzi, kisha wakasoma masharti. Yalianza na Pixel 10 peke yake, simu ambayo si rahisi kuikuta ikizagaa Kariakoo. Na mwenye iPhone anatakiwa awe amechagua kupokea kutoka kwa kila mtu, kwa zile zile dakika 10, ambazo kwa wengi huisha wakiwa bado wanaulizana chaguo lenyewe liko ukurasa gani wa mipangilio.