Folda Ishirini, Sura Sifuri

Pakua programu ya madokezo kwenye simu yako, kisha usiiguse kabisa sehemu ya kuchagua rangi. Nakusihi, mwandishi mwenzangu wa Handeni au Korogwe. Utamu wa kuzipa folda majina unajulikana: "Riwaya", "Historia ya Wazigua", "Makala za Baadaye", "Mawazo Makubwa". Mpaka zipangike zote, bando limekwisha na hujaandika hata sentensi moja. Fungua folda moja kwa kazi moja. Ukiwa unaandika habari za makambi ya mkonge ya Ngombezi na Magoma, ishi humo mpaka kazi ifike kwa mhariri.

Chagua programu inayofanya kazi hata mtandao ukikatika, maana ukiiacha lami ya Korogwe–Handeni ukaingia vijijini, mtandao huja na kuondoka upendavyo. Obsidian, kwa mfano, huhifadhi kila dokezo ndani ya simu kama faili la maandishi ya kawaida. Hata kampuni ikifunga milango kesho, utalifungua kwa programu nyingine. Waliotegemea Evernote ya bure walishtuka Desemba 2023 walipowekewa ukomo wa madokezo 50 na daftari moja. Mzee wa Kideleko aliyekaa vizuri kwenye kigoda chake anaweza kukumalizia hayo 50 kabla ya kikombe cha pili cha chai.

Sasa njoo kwenye dokezo lenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Dokezo moja, jambo moja. Chini yake andika nani kasema, wapi, tarehe gani, na kama aliliona kwa macho yake au alisimuliwa. Usipoandika hayo leo, baada ya mwaka utabaki na maneno matamu yasiyo na mwenyewe, na msomaji makini atakuuliza umeyatoa wapi.

Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy hakuwa na simu. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa Magila kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, nacho kimebeba simulizi za Mbegha aliyetoka Nguu hadi akatawala Usambara. Alikuwa na wasimuliaji, karatasi na subira. Kule Ujerumani, Niklas Luhmann, mwanasosholojia, alijaza vikaratasi vipatavyo 90,000, kila kimoja na namba yake, kimoja kikielekeza kwenye kingine. Aliandika vitabu kwa makumi. Kuelekezana huko ndiko unakopaswa kuiga kwa viungo vya programu yako.

Tazama inavyokuwa. Dokezo la kwanza: mama mmoja wa Manundu anasema babu yake alikuja mkongeni kutoka Songea akiwa manamba. La pili: SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, ilianzishwa 1944. La tatu: mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Yakikaa mbalimbali, hayakuulizi kitu. Yaunganishe, na swali linajitokeza lenyewe: babu aliletwa na SILABU, au alitangulia kwa miguu yake? Na 1967 ilimkuta bado yuko shambani? Rudi Manundu, piga hodi, amkia, uliza. Sura imeanza.

Jihadhari na tahajia, kwa sababu kitufe cha kutafuta hakijui historia. Ukiandika Mbegha leo na Mbega kesho, Nguu hapa na Nguru pale, Kwamkono huku na Kwa Mkono kule, nusu ya kazi yako itajificha ndani ya simu yako mwenyewe. Shika tahajia moja, na zile nyingine ziandike chini ya dokezo ili zipatikane.

Miaka nayo ina namna yake. Mzee atakwambia jambo lilitokea "reli ilipofika". Andika hivyo hivyo alivyosema, kisha kwenye mstari wako ongeza kwamba reli ya Tanga ilifika Korogwe 1902. Usimwekee mzee mwaka mdomoni.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Habari za mipaka ya mashamba na za waganga, ambazo Handeni hazikosi, usizitie kwenye folda mnayochangia watu sita. Mtu amekuamini wewe, hakuliamini kundi lako la WhatsApp.

Kila Ijumaa nakili folda nzima kwenye flashi na uiache nyumbani. Pale Segera kwenye msongamano wa mabasi, simu hutoweka mfukoni mwenye nayo akihesabu chenji.

Madokezo yakitosha sura moja, acha kukusanya. Andika sura mpaka mwisho, hata kama ina mashimo, ukaichapishe stesheneri ya karibu na kumpelekea yule aliyekusimulia. Msomee kwa sauti. Atakukatiza, atacheka, atasema "sikusema hivyo", na pengine amesahau kwamba alisema. Masahihisho yake yaandike kwenye dokezo lile lile, na tarehe yake, chini ya maneno yake ya kwanza. Yale ya kwanza usiyafute.