Wali wa Makao Makuu

Mpunga ni zao linalopenda kusimama majini, na kwa hiyo hapana sababu ya kijiografia ya kuutarajia Dodoma, nyanda kame ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi, na ambako Wagogo, kwa busara yao, walijikita katika uwele na mtama, wakala ugali wake kwa mlenda, yaani mboga ya utelezi inayoshuka kooni bila kuyasumbua meno. Bahi, kwenye bonde linalofurika upande wa magharibi, hulima mpunga, lakini hiyo ni Bahi. Hata hivyo, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipotiliwa mkazo mwaka 2016, watumishi walikuja na mafaili yao, na pia na matumbo yaliyolelewa kwingine.

Kwa mtu wa pwani, wali ni ule uliochambuka, uliopikwa kwa tui la nazi kisha ukapaliwa, yaani ukawekewa makaa juu ya kifuniko ili ukauke vizuri. Aliyekulia ugali, kwa upande wake, hutaka chakula kinachokubali kufinyangwa tonge, na wali huo unapomwagika mapajani kabla ya kufika mdomoni huona kwamba ameshikishwa kazi, hajalishwa. Sayansi inamtetea, kwa kuwa mchele wenye amilosi kidogo, ambayo ni aina mojawapo ya wanga, hushikamana, na ndio maana Wajapani huula kwa vijiti bila kuaibika.

Anayeumia ni mpishi. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 hivi, mahali ambapo maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo mpishi wa Tanga anayepika kwa mazoea hupakua wali wenye kiini. Akishtuka huongeza maji, na kwa kuwa mchele mpya hunywa maji machache kuliko uliokaa ghalani, sufuria nzima hugeuka bokoboko, yaani wali uliorojeka. Mgeni kutoka Kyela, kunakotoka mchele unaonukia, huula kimyakimya, na ukimya huo hauna uhusiano wowote na adabu.

Unabaki ukoko, ule wali uliokauka na kugandamana chini ya sufuria, ambao Wairani huuita tahdig na kumtangulizia mgeni kwa heshima. Katika shughuli za Dodoma ukoko haufiki ukumbini kabisa. Huliwa nyuma ya jiko na mpishi yuleyule aliyelaumiwa na mikoa yote, naye hajawahi kusikika akilalamikia chakula. Anayealikwa shughuli huko asigombee kiti cha meza kuu, bali aulize mapema jiko liko upande gani.