Komoni ya Baba Mdogo

Baba mdogo alipostaafu ualimu alituhamia hapa Bombambili, Songea, na sanduku la nguo, redio na uamuzi mmoja: hanunui tena bia ya chupa. Kiinua mgongo, alisema, si cha kumnenepesha mwenye baa. Angejipikia komoni, ya kujiburudisha tu, si ya kuuza.

Komoni ina kazi. Unga wa mahindi unalowekwa mpaka uchachuke, unakaangwa mpaka ubadilike rangi, unapikwa, na ukishapoa unatiwa kimea cha ulezi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, kisha hamira inaila sukari hiyo na kutoa kilevi na povu. Ila hamira haipendi baridi, na baba mdogo alianza kazi Juni, mwezi ambao Songea mtu ukiongea alfajiri mdomo unatoa moshi. Ndoo ikanyamaza. Akaivika koti lake. Kimya. Usiku nikaamka natetemeka, blanketi halipo. Nikalikuta jikoni, limezungushiwa ndoo na kufungwa fundo shingoni kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Mwanangu, wewe una mke," akaniambia. "Hii haina mtu."

Wiki hiyohiyo mke wangu alikuwa amepika togwa, maana Jumamosi jumuiya ndogondogo ilisali kwetu. Togwa nayo ni uji uliotiwa kimea cha ulezi, ila hunywewa mapema, kabla mambo hayajaharibika. Ndoo zilikuwa pacha, mifuniko pacha. Baba mdogo, katika kuihamishia yake karibu na jiko la mkaa, akaibadilisha na ya mke wangu.

Jumamosi, baada ya sala, vikombe vikazunguka. Mama mwenyekiti akapiga funda moja, akatulia, akaitazama picha ya Bikira Maria ukutani, kisha akasogeza kikombe kiongezwe. Wimbo wa kufunga uliimbwa, ukarudiwa, ukarudiwa tena, na besi, ambayo jumuiya yetu haijawahi kuwa nayo, ikapatikana. Hakuna aliyeuliza lolote. Wageni waliaga kwa kukumbatiana, hata wale wasiosalimiana sokoni.

Uani, chini ya mwembe, baba mdogo na wastaafu wenzake walikuwa wanaifaidi togwa.

"Kali hii!" akasema mmoja, akifuta masharubu.

Wa pili akaanza kuipigana upya vita ya Kagera, na safari hii akafika Kampala peke yake. Wa tatu alisindikizwa kwa kushikwa mkono mpaka getini, akimtukana dereva wa bodaboda ambaye alikuwa bado hajaja.

Mke wangu aliligundua jioni, wakati anaosha ndoo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tukakubaliana kunyamaza, kwa heshima ya mzee.

Shida ilikuja baadaye, komoni nyingine, sasa halisi, ilipoiva na wazee wakaitwa. Walionja, wakatazamana, wakamwambia baba mdogo kwa upole kwamba mkono wake umepooza. Wao wanataka ile kali ya siku ile. Tangu hapo mke wangu ndiye anayewapikia. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka muuza pombe awe na leseni, lakini kwa muuza togwa haina neno. Bei ameshaipanga, na anawauzia kwa kipimo: anasema wazee wakizidisha hawafiki nyumbani.